Kayongo, desmodiamu na ng'ombe wa zizini

Mgeni akipita Siaya au Homa Bay, magharibi mwa Kenya, akaona mahindi yamezungukwa na maua ya zambarau, atayasifu. Mwenye shamba hana hamu nayo. Hiyo ni kayongo, gugu ambalo Watanzania huliita kiduha. Chimbua shina moja taratibu, pamoja na udongo wake, utakuta mzizi wake umejishikiza kwenye mzizi wa hindi, unanyonya. Hindi huanza kudumaa kabla gugu halijachomoza, kwa hiyo siku unayoliona, hasara imeshaingia. Mmea mmoja humwaga mbegu maelfu kwa maelfu, laini kama vumbi, nazo huweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10 zikingoja mzizi wa nafaka upite karibu.

Mimi ni mtafiti wa mazao na malisho, na dawa ninayoipigania si ya kunyunyiza. Ni kilimo cha sukuma-vuta, kilichobuniwa miaka ya 1990 na icipe, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa wadudu yenye makao Nairobi, katika kituo chake cha Mbita, pamoja na watafiti wa Kenya na wa taasisi ya kilimo ya Rothamsted, Uingereza. Kati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa. Kuzunguka shamba unaweka nyasi za nepia, au brakiaria kwenye ukame.

Adui wa kwanza aliyelengwa alikuwa bungua wa mabua, kiwavi anayetoboa mashina ya mahindi. Nondo wake hutaga usiku na hupenda nepia kuliko mahindi, lakini viwavi wakianza kuitoboa hutoka utomvu unaonata na wengi wao hufa. Tulifundishwa kwamba desmodiamu nayo huwafukuza nondo kwa harufu. Utafiti wa karibuni umeonyesha kwamba vinyweleo vyake, vilivyopinda kama ndoana, hunasa wadudu na kuwaua. Mjadala haujaisha, nami naufuatilia kwa hamu.

Kupungua kwa kayongo hakuna aliyekutarajia. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoiamsha mbegu ya kayongo ikaota, na nyingine zinazoizuia isijishikize kwenye mzizi wa hindi. Imeota, haina pa kunyonya, inakufa. Msimu baada ya msimu akiba ya mbegu ardhini inapungua, huku udongo ukipata nitrojeni.

Msimu wa kwanza ndio mgumu. Desmodiamu changa inakua polepole, na asiyeijua huipalilia kama gugu. Nimewahi kukuta mistari mizima imeondolewa kwa jembe asubuhi moja. Kosa lilikuwa langu: mwenye shamba nilimwonyesha mbegu, mche sikumwonyesha. Tangu siku hiyo sifiki shambani bila miche mkononi.

Tena siku hizi mazungumzo nayaanzia kwa ng'ombe. Habari za kemikali za mizizini hazimshawishi mtu aliyechoka kupalilia. Ng'ombe wa maziwa anayelia zizini anamshawishi. Desmodiamu ni lishe yenye protini nyingi. Ukikata na mstari mmoja wa nepia ukachanganya, hori limejaa, na samadi inarudi shambani. Mwenye mfugo huitunza desmodiamu hata mwaka ambao kayongo haionekani.

Kwa hiyo nikikaribishwa nyumbani kwa mtu, kwanza nauliza nani anakata majani, na wapi. Nikijibiwa kwamba ni watoto, kando ya barabara, kabla ya shule, naomba tukapime mistari mitatu ya nepia upande wa shamba ulio karibu na zizi.