Watoto wawiliwawili, na bado idadi ya watu inapanda

Dhana inayorudiwa kuliko zote, na inayoharibu mipango kuliko zote, ni kwamba familia zikishafikia watoto wawili, ongezeko la watu linakoma papo hapo. Halikomi. Shika kalamu upige hesabu.

Anza na mababu 100, nusu yao wanawake. Kila mwanamke akizaa wanne, wanapatikana wazazi 200. Nao wakizaa wannewanne, wanapatikana watoto 400. Jumla 700. Sasa watoto hao wakue na wazae wawiliwawili tu. Wanazaliwa 400, mababu 100 wanafariki: jumla 1,000. Kizazi kinachofuata wanazaliwa 400 tena, wanafariki 200: 1,200. Hapo ndipo idadi inaposimama, zaidi ya miaka 40 tangu familia zipungue.

Sababu ni umri. Wanaoingia kwenye uzazi ni wengi kwa kuwa walizaliwa katika familia kubwa, ilhali wanaokufa ni wa kizazi kidogo cha zamani. China ilishuka chini ya kiwango cha kufidia vizazi, yaani uzazi unaotosha tu watoto kuchukua nafasi ya wazazi wao, mapema miaka ya 1990, lakini idadi ya watu wake ilianza kupungua mwaka 2022. Basi tafadhali, kabla ya kutabiri lolote, fungua piramidi ya umri, yaani mchoro wa idadi ya watu kwa kila rika. Wastani wa uzazi peke yake hautoshi, hautoshi kabisa.

Eti wawili hufidia wazazi wawili? Wanahitajika takriban watoto 2.1 kwa kila mwanamke, kwa sababu huzaliwa wavulana wapatao 105 kwa kila wasichana 100, na baadhi ya wasichana hufa kabla ya kuzaa. Vifo vya watoto vikizidi, kiwango hicho nacho hupanda.

Eti umri wa mama haujalishi? Kwa watoto watatu kila mama, wakizaa wakiwa na miaka 20, kizazi kipya baada ya miaka 60 ni mara 3.4 ya kile cha mwanzo. Wakizaa kwenye 30, ni mara 2.25.

Na wanaopima ukubwa wa familia kwa kuuliza watu, "Mmezaliwa wangapi?" waache. Akina mama watano wenye mtoto mmoja na watano wenye watoto watano wana wastani wa 3. Ukiwauliza watoto wao 30, unapata 4.3, maana familia kubwa ina wajibuji wengi, na wanawake wasiozaa hawahesabiwi kabisa. Waulize wanawake wenyewe, waliokwisha kuzaa, wenye miaka 45 hadi 49.