Hapana, kuandika safu ya vichekesho si kupiga stori tu

Kila nikisema kazi yangu ni kuhariri makala lazima atokee mtu aniambie "mimi mbona nachekesha sana, hata marafiki wanasema nitafute safu gazetini, si ni kuandika tu ninavyoongea?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Sikiliza. Kuchekesha kwa mdomo na kuchekesha kwa maandishi ni kazi mbili. Mezani una sauti, una macho, una mikono, halafu wanaokusikiliza wanakujua na yule jamaa unayemsema wanamjua, yaani nusu ya kicheko wamekuja nacho wenyewe. Gazetini unabaki na maneno na mpangilio wake, basi. Sampuli ninazoletewa zimejaa sentensi kama "Panya wa kwetu walinenepa baada ya baba kununua dawa ya panya, kwa kweli tulicheka sana". Utamu umeumwaga mwanzoni, halafu unamwamrisha msomaji acheke. Futa hiyo "tulicheka sana", geuza: "Baba alinunua dawa ya panya. Panya wakanenepa." Rahisi eeh? Sasa fanya hivyo kwa maneno 700, kila sentensi, halafu jioni unapigiwa simu upunguze mistari minne maana tangazo limeingia.

Na hapo bado hujafika kwenye shida yenyewe. Safu ya kila wiki ni makala 52 kwa mwaka, na zile stori zako kali, ya harusi, ya bosi, ya mkwe, zinaisha haraka kuliko unavyodhani, wengi ndipo wanapokwama. Waliodumu hawakukaa wakisubiri matukio, walijenga wahusika. Wahome Mutahi wa Kenya alikuwa na Whispers, mkewe Thatcher, kijana wao Whispers Junior na binti Investment, na wasomaji wakawazoea kama majirani, kwa hiyo hakuhitaji jambo kubwa litokee, Whispers akichelewa kurudi nyumbani tayari kuna makala maana kila mtu anajua Thatcher yuko mlangoni. Ndiyo maana nasema kila siku na hakuna anayenisikia: usiniletee sampuli moja kali, niletee kumi. Mimi naanza kusoma ya tisa.

Eti lazima uwe na maisha ya kusisimua. Wapi! Erma Bombeck wa Marekani alikuwa mama wa nyumbani mwenye watoto watatu, akaanza 1964 kwenye kagazeti ka kwao Ohio kwa dola 3 kwa makala, anaandika kuhusu kufua na kelele za watoto, na baadaye magazeti kama 900 yakawa yanamchapisha.

Eti vichekesho si uandishi wa maana. Dave Barry, mwandishi wa safu wa Marekani, alipewa Pulitzer ya uchambuzi, tuzo kubwa ya uandishi wa habari kwao, 1988 kwa vichekesho hivyohivyo.

Eti ukipata safu umetoka kimaisha. Huyohuyo Barry kabla ya kuchukuliwa na gazeti la Miami Herald 1983 alikuwa anafundisha watu wa maofisini kuandika, na Mutahi pamoja na safu aliandika riwaya na tamthilia. Usiache kazi yako, tafadhali.

Eti yote yanayoandikwa yametokea hivyohivyo. Huyo "mimi" wa kwenye safu ni mhusika, ametiwa chumvi kama wengine, mara nyingi ni mjinga kuliko mwandishi mwenyewe na ndivyo inavyotakiwa, ujicheke wewe kwanza. Ila mke, mume na watoto ni watu wa kweli, wasomee kabla hujatuma. Jirani usimtaje jina kabisa, barua ya wakili haina utani.

Na kile kichwa cha makala kinachowaudhi mpaka mnamtukana mwandishi, mara nyingi hata hakukiandika yeye. Tumekiandika sisi huku ndani, usiku, tukitafuta maneno yatakayotosha nafasi iliyobaki.