Kuhariri picha za sherehe bila kukesha

Msimu wa sherehe ukifika, mpiga picha wa Kampala, Mbale au Kasese hurudi kutoka kwenye kwanjula moja, yaani sherehe ya kutambulishana kabla ya harusi, akiwa na picha mia kadhaa kwenye kadi. Mwenye sherehe anazitaka kabla ya wiki kwisha, ndugu walioko Nairobi na London wameanza kuziulizia WhatsApp tangu usiku uleule, na Jumamosi inayofuata kuna sherehe nyingine. Wanaokuja kwenye mafunzo ya picha hapa chuoni kwetu huuliza kwanza wanunue kompyuta gani. Mimi huwauliza: mkono wako unarudia jambo lilelile mara ngapi kwa usiku mmoja? Muda mwingi wa uhariri huliwa na marudio, na kurudia ndiyo kazi ambayo kompyuta huiweza kuliko sisi.

Tuanzie kwenye kamera, maana huko ndiko kazi ya usiku inakopungua au kuongezeka. Kamera hupima mwanga ikidhani kwamba kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu cha kati. Uso wa mtu mweusi ukijaza fremu, kamera huongeza mwanga na ngozi inapauka. Wazee wenye kanzu nyeupe wakisimama pamoja, hupunguza mwanga na kanzu zinakuwa rangi ya majivu. Kwa hiyo picha mbili zilizopigwa dakika ileile chini ya hema lilelile zinarudi nyumbani zikidai marekebisho tofauti. Weka kamera kwenye alama ya M, yaani mpangilio wa mkono, panga mwanga mara moja, na usiuguse mpaka mwanga wenyewe ubadilike. Hata ukikosea kidogo, picha zote zitakuwa na kosa moja, na kosa moja hurekebishwa mara moja.

Rangi nayo ina tabia hiyohiyo. Hema la bluu au la kijani huwapaka wageni wote rangi yake, na gomesi, vazi la sherehe la wanawake, ya zambarau hugeuka kuwa kitu ambacho mwenyewe hatakitambua. Nunua kadi ya kijivu. Kila mnapohamia mahali papya, mwombe mtu mmoja aishike, upige picha moja. Baadaye, kwenye programu, chukua kidude chenye umbo la dropa, bofya juu ya kadi, na uwiano wa weupe (kipimo kinachofanya nyeupe ionekane nyeupe) uliopatikana hapo uupeleke kwenye picha zote za mahali hapo. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera, kwa sababu JPEG huwa imeshatupa sehemu kubwa ya taarifa za rangi unazozihitaji kurekebisha.

Ukishahamisha picha kwenye kompyuta, usifungue ya kwanza na kuanza kuisafisha. Hapa ndipo naona muda mwingi ukipotea: mtu anatumia robo saa kwenye picha ambayo, akifika ya arobaini, atakuta nyingine bora ya watu walewale. Chambua kwanza, tena kwa haraka. Katika Lightroom Classic, programu ya kulipia ya kampuni ya Adobe, kitufe cha P huweka alama ya kuchagua na X alama ya kutupa. Ukiwasha Caps Lock, programu inakwenda yenyewe kwenye picha inayofuata kila unapoweka alama. Katika darktable, ambayo ni ya bure, R ndiyo ya kukataa na namba 1 hadi 5 hutoa nyota. Mzunguko wa kwanza ni wa kutupa tu: macho yaliyofumba, picha zilizotikisika, mgongo wa mgeni aliyepita mbele. Mzunguko wa pili ni wa kuchagua moja kati ya zinazofanana. Mteja hahitaji picha tisa za mama mkwe akipiga magoti.

Zilizobaki zigawanye kwa mwanga: za asubuhi nyumbani kwa bibi harusi, za chini ya hema, za keki usiku. Hariri moja tu katika kila kundi, kwa makini. Kisha chagua kundi lote ukianza na ile uliyoihariri, na ubonyeze Ctrl+Shift+S, au kitufe kilichoandikwa Sync. Utapata orodha ya kuchagua kipi kinakiliwe. Nakili mwangaza, rangi na uwiano wa weupe. Acha mkato wa picha na usafishaji wa madoa, kwa sababu hivyo ni vya picha moja moja. Katika darktable, kwenye meza ya picha, Ctrl+Shift+C hukupa orodha kama hiyo ya kunakili, na Ctrl+V hubandika kwenye picha nyingine. Baada ya hapo unapita mara moja ukigusa zile chache zilizokataa kufanana na wenzake.

Neno juu ya ngozi, kwa kuwa linanigusa. Saa nyingi katika studio zetu hupotea katika kung'arisha nyuso. Bibi harusi anaingia kompyutani akiwa na rangi yake na kutoka akiwa na rangi ambayo hata mama yake hajawahi kumwona nayo, huku mikono yake ikibaki ilivyokuwa, kwa hiyo mhariri analazimika kuanza na mikono. Ukipanga mwanga vizuri kwenye kamera, ngozi nyeusi hutoka na kina na mng'ao wake, wala haihitaji kuokolewa. Kwa madoa, ninafundisha hivi: kitakachoondoka chenyewe baada ya wiki mbili, kama chunusi, kiondoe; lakini kovu, baka la kuzaliwa na mwanya viache, ndivyo watu wanavyomtambua ndugu yao. Ukifuata hilo, uso mmoja unakuchukua dakika chache tu na sura inabaki ya mwenyewe.

Wenye studio ndogo Busia, Arua au karibu na shule wana marudio ya aina nyingine: picha za pasipoti za fomu za kazi, za shule na za viza. Saizi ya milimita 35 kwa 45 ndiyo inayoombwa mara nyingi, nayo kwa dipiai 300 (nukta 300 kwa kila inchi) ni pikseli 413 kwa 531. Kwenye karatasi ya inchi 4 kwa 6 zinaingia nane, ukizilaza. Wengi hukata, hunakili na kuzipanga zote nane kwa mkono kwa kila mteja. Photoshop, programu nyingine ya Adobe, ina paneli ya Actions, inayorekodi hatua zako kama kinasa sauti: bonyeza kurekodi, fanya kazi yote mara moja, simamisha, kisha ipe kitufe kama F2. Kuanzia hapo mteja mmoja ni F2 moja. Hatua ya kukata iruhusu isimame ikusubiri, maana kichwa cha kila mtu kinakaa mahali pake. Weka alama kwenye kikasha kidogo kilicho kando ya hatua hiyo. Viza ya Marekani hutaka inchi 2 kwa 2, kwa hiyo irekodie ya kwake.

Vitufe vya mkato usijaribu kuvikariri vyote. Jifunze vitano unavyovihitaji kila siku, kama Ctrl+J ya kunakili leya (tabaka la picha) katika Photoshop, au mabano ya mraba ya kukuza na kupunguza brashi.

Umeme. Ukikatika katikati ya kazi, kazi uliyoifanya kwa muda wa saa mbili inaweza kwenda nao. Photoshop huhifadhi nakala ya dharura kila dakika 10. Ingia kwenye mapendeleo uishushe iwe 5. GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, haihifadhi yenyewe, kwa hiyo zoeza vidole vyako Ctrl+S. Kwa laptopu nzito, iambie Lightroom itengeneze nakala ndogo ziitwazo Smart Previews na uhariri kwa hizo. Inaenda kwa kasi zaidi, na unaweza kuendelea hata diski ya nje ikiwa haijaunganishwa.

Wakati wa kutoa picha, tayarisha mipangilio miwili na uihifadhi kwa majina. Mmoja ni wa uchapishaji, ukubwa kamili, kwa ajili ya albamu na mabango utakayopeleka Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala. Mwingine ni wa simu, upande mrefu pikseli 2048, ili bando lako na la mteja lisiishe. WhatsApp hubana picha zinazotumwa kwa njia ya kawaida, kwa hiyo zile za kuchapwa zitume kama dokumenti.

Kuhusu programu za wizi zinazouzwa kwenye flashi mjini: mbali na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006, nyingi huja na virusi, na vingine hufunga mafaili yote na kudai fedha. Harusi ya mtu haipigwi tena. Asiyeweza kulipia Adobe atumie darktable kwa kuchambua na rangi, na GIMP kwa leya na usafishaji. Zote mbili ni za bure kihalali, na ukishazipakua hazihitaji intaneti kufanya kazi.