Vikaragosi vya Trnka na Uso Usiobadilika

Kazi yangu ni kuhuisha vikaragosi. Nasogeza mkono wa mbao kidogo, napiga picha, nasogeza tena. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, na hata kila mkao ukipigwa mara mbili, bado ni mikao 12 kwa sekunde. Ndiyo maana nikitazama filamu za zamani za hekaya za Kicheki natafuta kwanza mtengenezaji alipotolea jasho. Kwa Jiří Trnka, Mcheki aliyetengeneza filamu za vikaragosi, jasho limetoka pale ambapo hakuna kinachosogea: usoni.

Trnka alizaliwa mji wa Plzeň mwaka 1912, na mwalimu wake wa kuchora alikuwa Josef Skupa, bingwa wa vikaragosi. Wacheki walikuwa na mafundi waliozunguka vijijini wakiigiza kwa Kicheki hata enzi ambazo Kijerumani ndicho kilichotawala ofisini na kwa wakubwa. Walioketi kutazama hawakuwa watoto peke yao. Trnka alipoingia kwenye filamu, watu wake walikwisha zoea kumwona mwanasesere akibeba majonzi ya mtu mzima.

Nje ya nchi yake, mhuishaji mwingine, George Pal, alikuwa akibadilisha kichwa cha kikaragosi fremu hata fremu ili mdomo ucheke au unune. Trnka hakutaka. Uso ulichorwa mara moja, basi. Chukua Císařův slavík ya mwaka 1949, kutoka hadithi ya Andersen kuhusu mfalme wa Uchina na chiriku wake. Mfalme anayefurahia ndege wa mashine na mfalme anayeugua kitandani wana uso uleule. Kilichobadilika ni taa, pembe ya kamera, kidevu kilichoinama kidogo, na muziki wa Václav Trojan. Huzuni unaitia wewe mtazamaji, na huzuni uliyoitia mwenyewe haitoki upesi. Nimejaribu mbinu hiyo. Taa ikikosea kwa upana wa kidole, mfalme anageuka kuwa kipande cha mbao.

Maneno nayo ni machache mno, kwa hiyo asiyejua Kicheki hapotezi kitu. Wamarekani waliongeza msimulizi, Boris Karloff. Sauti nzuri, lakini mimi huizima.

Kituo kingine cha filamu hizi za Kicheki kilikuwa Zlín, mji wa viatu vya Bata, hivihivi tulivyovaa shuleni. Kampuni ilijenga studio huko miaka ya 1930 kwa ajili ya matangazo, na humo wakakulia wahuishaji Hermína Týrlová na Karel Zeman. Zeman alimtengeneza Sindbad, yule baharia wa Alfu Lela Ulela, kwa karatasi iliyokatwa. Filamu ndefu ilitoka mwaka 1974. Haigusi moyo kama ya Trnka, nakiri, ila rangi zake sijaona mfano.

Subira ya namna hii inahitaji fedha. Filamu zilitaifishwa nchini Chekoslovakia mwaka 1945, na serikali ililipia miezi ya kazi ambayo hakuna mfanyabiashara angeilipia. Ilitaka pia kujua kinachosemwa, na hekaya za wafalme na mazimwi ziliwapa wasanii nafasi ya kupumua. Mwaka 1965 Trnka alitoa Ruka (kwa Kicheki, "Mkono"), filamu ya dakika 18: mfinyanzi anataka kutengeneza chungu cha ua lake tu, mkono mkubwa unamlazimisha afinyange sanamu ya mkono. Trnka alifariki mwaka 1969, na baadaye filamu hiyo ikapigwa marufuku nchini mwake.

Kwa anayeanza, ningesema Bajaja ya Trnka, ya mwaka 1950, kwanza: kijana maskini, farasi mweupe, mazimwi, binti za mfalme. Watoto wataifuata bila kutafsiriwa. Ruka itazameni wenyewe kabla ya kuwaonyesha wadogo.