Kuitikia: kazi ya msikilizaji katika mazungumzo

Kuitikia ni kutoa sauti, neno au ishara ndogo wakati mwenzako bado anazungumza, bila kumpokonya zamu. "Ehe." "Mmh." "Naam." Kutikisa kichwa nako ni kuitikia, ila kwenye simu hakumfikii mtu, nyamaza kidogo tu, utasikia mwenzako anakatisha habari yake: "Haloo? Upo?"

Viitikio viko vya aina mbili. Cha kwanza ni cha "endelea, nakusikia". Hiki kinaingia popote, hata kama akili yako iko kwenye maharage yanayoungua jikoni. Cha pili kina mahali pake maalumu. Wasikilize majirani hawa:

– Basi nikapanda daladala, nikalipa zangu nauli.
– Ehe.
– Kufika Manzese, konda huyo: "Mama, nauli."
– Tena?!
– Tena! Na mbele za watu, shoga yangu...

Lile "Tena?!" halimtoki mtu anayechezea simu. Limeonyesha kwamba habari imeingia, na msimuliaji kapata moto wa kuendelea.

Mwaka 2000, mwanasaikolojia Janet Bavelas wa Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Watu walisimulia visa vya kuponea chupuchupu. Baadhi ya wasikilizaji walipewa kazi ya pembeni: kuhesabu maneno yanayoanza na herufi t. Viitikio vyao vilipungua, hasa vya ile aina ya pili. Walioharibikiwa zaidi, hata hivyo, ni wasimuliaji. Walipofika penye utamu wa kisa walibabaika, wakamaliza ghafla au wakamaliza mara mbili, wengine wakaanza kufafanua kwa nini tukio lile lilikuwa la hatari. Kwa hiyo yule mnayemwita hajui kusimulia, angalieni kwanza anasimulia mbele ya nani.

Watamba hadithi hawakuhitaji maabara kulijua hili: anayesema "Paukwa" haendelei mpaka asikie "Pakawa".

Kuitikia kuna kiasi chake. "Ndiyo, ndiyo, ndiyo" ya harakaharaka ni kumfukuza mtu. Mzee anapozungumza, "naam" iliyotulia inatosha, "wacha wee!" mwekee shoga yako. Na ukiona huna la kuitikia, rudia neno lake la mwisho kwa sauti ya kuuliza. Akisema, "Wakahamia Tanga," wewe sema tu, "Tanga?" Mara nyingi atakupa na sababu ya kuhama.

Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ndio hauna mwitikiaji kabisa. Ndiyo maana mtu anarefusha, anarudia, anapachika "umenielewa?" na "si unajua lakini?" kila baada ya sentensi mbili. Jambo likiwa zito, bora kupiga simu.