Unataka kuchangia programu huria? Usianze na kodi

Swali ninaloulizwa sana na watu wanaojifunza kuandika kodi, yaani maelekezo ya kompyuta, ni hili hili kila siku: nataka kuchangia programu huria, zile ambazo kodi yake iko wazi na leseni inaruhusu kuitumia na kuibadilisha, niandike nini? Na jibu langu huwa linawashangaza maana nawaambia usiandike kitu kwanza. Mimi ni mmoja wa watunzaji wa maktaba ndogo (kodi ambayo programu nyingine zinaitumia) ya kusoma mafaili ya CSV, yaani majedwali yaliyohifadhiwa kama maandishi ya kawaida, na huku ndani waandishi wa kodi wapo, tena wengi tu, tunachokosa ni muda wa kusoma. Kila puli rikwesti, yaani ombi la kuingiza mabadiliko yako kwenye projekti, ikija lazima mtu akae aipitie mstari kwa mstari, ajiulize itavunja nini, aijaribu kwenye mashine yake, halafu akishaimeji (akishaiingiza) ndo ishakuwa mzigo wake, wewe kesho ukiondoka yeye ndo watu watamwandikia wakilalamika. Kwa hiyo mchango mzuri ni ule unaompunguzia huyo mtu kazi, basi.

Mfano wa karibu kabisa. Tulikuwa na ishu, yaani ripoti ya tatizo, imeandikwa "kolamu ya kwanza haisomeki", hamna faili, hamna toleo, hamna chochote. Ikakaa weee. Baadae akaja mtu mwingine chini yake akaweka faili la mistari miwili tu, amri aliyotumia, toleo la maktaba, alichotegemea kupata na alichopata. Halafu akaenda mbele zaidi, akalifungua lile faili kwa hexdump, programu inayoonyesha baiti za faili moja moja, akaonyesha kwamba pale mwanzo kuna baiti tatu, EF BB BF, zile alama ambazo Excel inaziweka ukihifadhi CSV ya UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi). Macho hayazioni lakini maktaba yetu ilikuwa inazisoma kama sehemu ya jina la kolamu, kwa hiyo ukitafuta kolamu inayoitwa "jina" huipati hata kama unaiona hapo kwenye skrini. Huyo mtu hakuandika kodi hata mstari mmoja! Ila kazi yote ngumu alishaimaliza, kurekebisha kwenyewe ilikuwa mistari michache na testi moja, yaani kodi ya kupima kama kodi nyingine inafanya kazi.

Na msifikiri ripoti ni mchango wa daraja la pili. Mwezi Machi 2024 Andres Freund, injinia wa Microsoft ambae pia ni developa wa PostgreSQL, programu huria ya hifadhidata, aliona kuingia kwenye mashine yake kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kupitia mtandao, kunachelewa kama nusu sekunde. Wengi tungepotezea. Yeye akafukua mpaka akakuta kuna mlango wa siri umefichwa ndani ya xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, programu ya kukandamiza data ambayo iko karibu kila mahali penye Linux. Alichotoa ni barua yenye maelezo na ushahidi, na ile barua iliokoa seva nyingi sana duniani. Upande wa pili wa kisa hicho nao una funzo, aliyeweka ule mlango alikuwa mchangiaji wa muda mrefu, alijenga uaminifu zaidi ya miaka 2 mpaka akapewa funguo za projekti, iliyokuwa inatunzwa na mtu mmoja aliyechoka. Kwa hiyo mtunzaji akikuuliza maswali mengi kuhusu kodi yako usichukie, ana sababu.

Sasa vitendo. Chagua programu unayoitumia kweli, sio ile yenye nyota nyingi za kupendwa. Angalia kama kuna faili la leseni, maana kodi kuwa wazi kwenye intaneti haimaanishi umeruhusiwa kuitumia, bila leseni haki zote bado ni za mwenyewe. Soma README na CONTRIBUTING, mafaili ya maelezo ya programu na ya namna ya kuchangia, ishushe, ijenge, endesha testi zote KABLA hujagusa kitu. Hapa watu wengi wanakwama, maelekezo yamezeeka, hatua fulani haipo, na wanaona wao ndo hawajui. Hapana, hapo hapo umepata mchango wako wa kwanza, rekebisha hayo maelekezo, sisi wa ndani hatuwezi kuona kasoro hiyo kwa sababu mashine zetu zilishawekwa sawa zamani.

Ukifika kwenye kodi, puli rikwesti moja jambo moja. Nasisitiza hili maana linaniuma: mtu amerekebisha mistari mitano lakini editori yake imepanga upya nafasi za faili zima, kwangu inatokea mistari 400 imebadilika na ile mitano siioni. Zima hiyo kitu. Weka testi ambayo inafeli bila marekebisho yako na inapita ukiyaweka, hiyo inaongea kuliko aya tatu za maelezo. Kwenye ujumbe wa komiti, yale maelezo unayoandika ukihifadhi mabadiliko, eleza KWANINI, kilichobadilika naweza kukisoma mwenyewe. Projekti zingine zina taratibu zao, Linux kwa mfano patchi (mafaili ya mabadiliko) zinatumwa kwa barua pepe na lazima kuwe na mstari wa Signed-off-by, yaani unathibitisha una haki ya kuitoa hiyo kodi. Na kama kodi umeandikiwa na AI na huwezi kueleza kila mstari, tafadhali usitume.

Baada ya hapo subiri. Kimya sio dharau, wengi tunafanya hii kazi usiku baada ya ajira. Zikipita wiki mbili uliza kwa upole, mara moja. Na wakikataa uliza sababu, mara nyingi kodi haina shida ila hawataki kubeba hicho kipengele miaka yote ijayo. Wewe bado una foku yako, yaani nakala yako ya projekti, leseni inakuruhusu kuitumia na kuigawa na mabadiliko yako humo ndani, ila hakikisha unavuta matoleo mapya ya usalama toka ripo (hifadhi ya kodi) ya asili.