Mipira ya vakyumu kwenye giaboksi ya Mercedes W123 ya dizeli

Nililetewa Mercedes 300D ya otomatiki, mojawapo ya W123, ambayo mwenyewe alikuwa ameambiwa kwamba giaboksi yake imekwisha na inahitaji kufunguliwa yote. Ikitoka gia ya pili kwenda ya tatu, injini ilipanda mizunguko kwa sauti kubwa kabla gia haijashika, kana kwamba mtu amekanyaga klachi. Ajabu ni kwamba kabla ya hapo gari lilikuwa na kasoro kinyume kabisa: kila gia iliingia kwa kishindo, ndipo fundi mmoja akabadilisha mipira ya vakyumu (nguvu ya kuvuta hewa) na kishindo kikaisha. Alichofanya ni kutoa tawi kwenye bomba nene la vakyumu ya breki na kulipeleka moja kwa moja kwenye modyuleta, kifaa kinachopanga gia za giaboksi zishike kwa nguvu gani.

Ili kuona kosa liko wapi, ni lazima kwanza kujua nguvu hiyo ya kuvuta inatoka wapi. Injini ya petroli hujitengenezea vakyumu kwenye manifoldi, yaani njia inayoingiza hewa kwenye injini, na vakyumu hiyo hupungua yenyewe kadiri dereva anavyokanyaga mafuta. Ndiyo maana kwenye giaboksi za zamani za Kimarekani kama TH350 mpira mmoja tu kutoka manifoldi unatosha. Dizeli haina kizuizi kwenye njia ya hewa cha kuleta vakyumu hiyo, kwa hiyo W123, iliyotoka mwaka 1976, ilifungwa pampu ya vakyumu mbele ya injini, nayo huvuta kwa nguvu ileile uwe umekanyaga mafuta au hukukanyaga. Pampu hiyo moja inahudumia breki, kufuli za milango, kuzima injini na giaboksi.

Modyuleta inahitaji habari, siyo nguvu tupu. Ndani yake mna kiwambo: vakyumu ikiwa nyingi, shinikizo la mafuta ya giaboksi linalobana klachi za ndani yake hushuka na gia huingia polepole, vakyumu ikipungua, shinikizo hupanda na gia hushika kwa nguvu, kama inavyotakiwa gari likiwa na mzigo kwenye mlima. Kwa sababu hiyo njia sahihi huanzia kwenye bomba la breki, hupita kwenye kiungio chenye tundu dogo sana, kisha kwenye vali iliyo juu ya pampu ya dizeli, ambayo hupunguza vakyumu kadiri mkono wa mafuta unavyosogea, ndipo mpira huteremka hadi modyuleta. Tundu lile dogo ndilo linaloiwezesha vali kupunguza vakyumu bila kushindwa na pampu ya vakyumu, na bila kudhoofisha breki. Ukilipanua kwa msumari, au ukaweka tii (kiungio cha njia tatu) ya kawaida mahali pake, umeharibu hesabu yote.

Gari la mteja wangu, basi, lilikuwa likipata vakyumu kamili wakati wote, hata dereva alipokanyaga hadi chini, na klachi zilikuwa zikiteleza na kuungua taratibu. Watu wengi hufurahia gia laini na kuogopa kishindo, lakini kwa maoni yangu ulaini huo ndio wa kuogopwa. Nikikosa kipuri, huchomoa mpira wa modyuleta, huziba upande unaotoka kwenye vali kwa skrubu ndogo, na kumwachia mteja gari linalopiga teke kwa siku chache. Litamkera, ila klachi zitabaki salama.

Kabla ya kuunganisha chochote, hufunga pampu ya mkono yenye geji kwenye modyuleta na kuvuta. Sindano ikishuka, kiwambo kimepasuka. Kisha huchomoa tawi la milango na kuliziba, kwa kuwa uvujaji ndani ya mlango wa nyuma unaweza kabisa kuleta kishindo kwenye giaboksi, jambo ambalo wateja huliona kama mzaha. Dalili nyingine ya uvujaji ni injini kukataa kuzimika ufunguo unapozungushwa. Mabomba yenyewe ya plastiki ngumu hudumu. Vinavyokufa ni viungio vifupi vya mpira, ambavyo joto la injini huvikausha hadi vinapasuka. Mpira laini wa maji ya kuoshea kioo usiutumie, kwa sababu ukipata joto hujibana kwa kuvutwa na njia hufungwa.

Kuhusu namba za geji, kumbuka mahali ulipo. Mombasa hewa ina shinikizo la takriban kilopaskali 101, lakini Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, ni kama 83 tu, kwa hiyo hata pampu mpya kabisa haiwezi kuonyesha huko kiwango inachoonyesha pwani. Pampu zisizo na kasoro zimetupwa kwa kutolijua hilo.

Kishikio cha kurekebishia chenye umbo la T kilicho chini ya kofia ya modyuleta hukigusa mwisho kabisa, vakyumu ikishakuwa sawa na kebo ya giaboksi ikishapimwa, maana kebo ndiyo inayoamua gia ibadilike lini, ilhali vakyumu huamua ibadilike kwa nguvu gani. Na kila ninapomwaga oili ya injini huchomoa mpira wa modyuleta na kuuchungulia. Ukiwa na mafuta mekundu ndani, kiwambo kimetoboka, na mafuta ya giaboksi yanavutwa na pampu kuingia kwenye oili ya injini bila hata tone moja kuonekana chini ya gari.